Ekzosi za pembeni kwenye pikapu ya 404: tuzuieje watu wasiungue?

Pijo_wa_Ndeeba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina pikapu ya Peugeot 404, ukoo mmoja na zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Injini yake ya asili ilishajifia zamani. Tumeipachika 1UZ ya Toyota, V8 ya lita 4 iliyotoka kwenye Crown iliyopata ajali, na tumeishusha mpaka watu wanauliza kama springi zimekatika. Hotirodi ya Kiganda, yaani gari kuukuu lililotiwa injini kubwa na kushushwa, msicheke.

Shida ni ekzosi. Chini hakuna nafasi. Nikipitisha bomba chini ya chesisi, tuta la kwanza tu linaondoka nalo. Kwa hiyo tumezitoa pembeni, moja kila upande, bomba la inchi mbili na nusu linalopita chini ya mlango na kuishia mbele kidogo ya tairi la nyuma. Zimependeza kupita kiasi. Ila mtu akishuka, shavu la mguu linakutana na bomba uso kwa uso. Fundi wangu anasema tupake rangi ya kuhimili moto, tuandike HATARI, kazi imekwisha. Mimi roho haijatulia. Wenye ujuzi semeni.

Kijana_wa_Stegi

Ssebo, hayo maandishi nitayasoma saa ngapi? Mimi ni wa boda. Jamu ikishika pale Clock Tower, hapa Kampala, napenya katikati ya magari mawili, na nafasi inayobaki kila upande haizidi kiganja. Macho yangu yako kwenye vioo vya magari nisivivunje, hayako chini. Abiria wangu ndiye kabisa, magoti ameyatanua na anaongea na simu. Gari la kawaida likimgusa anachafuka vumbi. Lako ataliachia ngozi.

Na wauza maji je? Na yule mtoto anayepitisha karanga dirishani? Wote hao njia yao ni katikati ya magari.

Mkwaju_Tanga

Mkuu, hilo jambo ni la zamani kuliko gari lako. Vijana wa kusini mwa California walikuwa wakikimbiza Ford kuukuu kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage, tangu miaka ya 1930. Bomba za pembeni zilizaliwa katika mchezo huo: zina kifuniko, ukifika uwanjani unakifungua, moshi unatoka bila kupita kwenye sailensa. Baadaye zikawa urembo tu.

Halafu ikaja Shelby Cobra 427 katika miaka ya 60. Ekzosi pembeni, mlango mdogo, kushuka lazima uvushe mguu juu ya bomba. Wenyewe wakiungua husema wameumwa na nyoka, na wengine kovu wanalionyesha kwa fahari. Corvette ilitoka kiwandani na ekzosi za pembeni mwaka 1965, zikavishwa kingao cha matundu. Dodge Viper ya 1992 nayo hivyo hivyo, na kiwanda kikabandika onyo mlangoni. Watu waliungua wakiwa wamelisoma.

Dawa ni ndogo: nunua utepe wa joto, ule wa nyuzi za kioo au wa basalti, zungushia bomba lote. Umemaliza.

Kijana_wa_Stegi

Kaka wa Tanga, huyo wa Cobra kaungua kwenye gari lake mwenyewe, kalinunua akijua lina nini. Akijisifia kovu ni haki yake. Mimi gari la Pijo silijui, nimekutana nalo leo kwenye jamu.

Simba_Mkali

Kwani boda zenu hazina ekzosi? Nyie mnaunguza watu kila siku. Mwenye mguu auangalie mguu wake.

Kijana_wa_Stegi

Zinaunguza, nani kakataa. Simamisha watu Wandegeya uangalie shavu la mguu wa kulia, upande wa ndani. Alama utaikuta. Bomba la pikipiki ya Boxer liko kulia, na abiria akishukia kulia ndio hivyo. Ndiyo maana nakwambia najua ninachokisema.

Fundi_Katwe

Nimesoma yote. Niingie sasa, na mnivumilie kwa urefu.

Kwanza utepe. Utepe si kingao. Kazi yake ni kulifungia joto ndani ya bomba ili moshi utoke ukiwa wa moto na chini ya boneti kupoe. Juu yake bado panaunguza, gari likishakimbia kidogo weka kidole utaniambia. Tena unanyonya maji. Kwa mvua zetu hizi, utepe ukilala na unyevu juu ya chuma cha kawaida, bomba linaoza kimyakimya na wewe hulioni, siku unafungua unakuta limekuwa chekeche. Kama lazima utepe, basi bomba liwe la stenlesi, na ufunge ukiwa na glavu na mikono mirefu maana zile nyuzi zinawasha vibaya. Kupaka seramiki ni kuzuri, joto linalomwagika nje linapungua na bomba linadumu, lakini nayo haijafikia kiwango cha kugusika. Na ukiona sokoni kamba nyeupe kuukuu ya kufungia mabomba, muuzaji hajui imetoka wapi, iache hapo hapo. Zile za zamani nyingi ni asbesto. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki.

Pili, kromu. Watu wanaogopa bomba jeusi lenye kutu, halafu la kromu wanaliegemea kwa sababu linang'aa. Chuma hakionyeshi joto kwa macho mpaka kiwe chekundu, na kabla ya kufika huko kimeshapita digrii 500. Bomba karibu na heda, yale mabomba ya kwanza yanayotoka kwenye injini, linapita 300 bila taabu. Huko chini ya mlango limepoa, lakini kupoa kwa bomba si kupoa kwa mguu.

Tatu ndiyo kazi yenyewe. Unataka ngozi mbili na hewa katikati. Hewa ikipata njia ya kuingia chini na kutokea juu, inabeba joto bure kabisa. Kwa hiyo:

Chukua bati la stenlesi la milimita moja, lenye matundu. Matundu yawe ya milimita 4 au 5, kidole cha mtoto kisipite. Likunje nusu duara pana lifunike juu na upande wa nje wa bomba, lishuke mpaka chini ya usawa wa bomba, kwa sababu mguu wa mtu wa boda haushuki kutoka juu kama wa dereva, unakuja kutoka pembeni. Chini liache wazi. Nafasi kati ya bati na bomba iwe sentimita mbili hadi mbili na nusu. Ukilibana likawa karibu, bati litapata joto la bomba na utakuwa umetengeneza bomba la pili.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu: wanachomelea miguu ya kingao juu ya bomba lenyewe. Joto linatembea kwenye hiyo miguu mpaka kwenye bati. Kingao kishike kwenye chesisi, bomba lining'inie peke yake kwenye raba zake. Vinginevyo kila kimoja kitamvuta mwenzake. Bomba la chuma la mita moja likipanda digrii 300 linarefuka karibu milimita 3.6, la stenlesi kama milimita 5. Ukilikaza pande zote litapasua weldi. Matundu ya bolti yachongwe marefu, yasiwe mviringo.

Na kingo za bati zikunjwe ndani. Usimwepushe mtu na moto ukamkata na wembe.

Mkwaju_Tanga

Fundi, kwenye utepe nakubali nusu. Kwenye heda ndani ya boneti unafanya kazi nzuri. Ila kwa huko pembeni, haya, umeshinda.

Mzee_wa_Bombo

Vijana, mbona mnahangaika? Ni pikapu hiyo. Pandisha mabomba nyuma ya kabini yatokee juu kama ya lori. Miguu yote salama.

Mkwaju_Tanga

Shikamoo mzee. Kwa lori sawa. Lakini pikapu hapa kwetu sote ni gari la abiria, tusidanganyane. Watakaokaa nyuma watashika nini gari likiyumba? Hilo hilo bomba. Tena kwa viganja.

Mzee_wa_Bombo

Marahaba. Hapo umenishika.

Nesi_Makindye

Habari zenu kaka zangu. Mimi magari siyajui, vidonda navijua.

Mnazungumzia joto kama vile kuungua kunaanzia kwenye moto mwekundu. Chuma kitupu chenye digrii 65 hadi 70 kinaunguza ngozi kwa mguso wa sekunde moja. Kikiwa na 51, mguso wa dakika moja unatosha. Kwa bomba lenye mia mbili hakuna hesabu ya sekunde, ukigusa umeungua, hata ukiruka haraka namna gani. Na aliyebanwa kwenye jamu na pikipiki imemlalia mguu, huyo haruki.

Kidonda cha ekzosi kinadanganya kwa udogo. Kinaweza kuwa na ukubwa wa bisi tu, kumbe ni kirefu kwenda chini. Mtu anakuja baada ya wiki kapaka dawa ya meno, mwingine ute wa yai, mwingine manyoya ya sungura, na chini yake usaha. Shavu la mguu linapona polepole, na ngozi zetu nyeusi zina tabia ya kuota kovu nene lililovimba, ambalo halitoki kirahisi.

Cha kufanya ni maji. Maji ya kawaida ya baridi, yanayotiririka, dakika 20. Dakika 20 za saa kweli, watu wanamwagia mara mbili wanaona imetosha. Hata kama saa moja au mbili zimeshapita, bado yanasaidia, mpaka kama saa tatu baada ya kuungua. Bomba la maji halipo? Jerikeni na kikombe, mwagia taratibu. Barafu hapana, inaongeza madhara. Vua kiatu, cheni ya mguu, chochote kinachobana, kabla hapajavimba. Lengelenge usilipasue. Kisha funika na kitu safi kisichonata, hata kaveera (mfuko wa plastiki) safi mpya, ukiiweka juu bila kuibana, halafu nenda kituo cha afya. Usibaki nyumbani kama ni mtoto, kama ana kisukari, kama ni kwenye kiungo au wayo, kama pamezidi kiganja chake, au kama pamekuwa peupe na hapaumi. Kutouma si habari njema hapo, maana mishipa ya fahamu imeungua. Na ulizia chanjo ya pepopunda.

Kitu kimoja mafundi hamjakitaja: nguo. Gomesi, yale magauni marefu ya sherehe ya akina mama wa Uganda, nyingi siku hizi ni kitambaa cha poliesta. Mama kavaa gomesi yake ya harusi anashuka kwenye hilo gari, nguo inagusa bomba, inayeyuka na kumganda mwilini. Hapo usivute. Mwagia maji, kata kitambaa kuzunguka, kilichoganda kiache tukitoe sisi.

Pijo_wa_Ndeeba

Dada Nesi asante sana. Sikuwa nimewaza habari ya gomesi, na pikapu hii tayari nimeahidi kupeleka watu kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) mwezi ujao.

Fundi, kingao nitafanya kama ulivyosema. Nitajuaje kimefaulu? Ninayo ile bunduki ya kupimia joto la paji la uso iliyobaki dukani tangu korona.

Fundi_Katwe

Hiyo ni ya watu. Ikipita joto la mgonjwa wa homa inaandika kosa tu. Inatakiwa ile ya mafundi inayofika mia tatu na kuendelea, na hata hiyo ukiielekeza kwenye kromu au bati linalong'aa inakudanganya, inasoma chini kuliko hali halisi. Unapaka kwanza alama ndogo ya rangi nyeusi isiyong'aa, ile ya kuhimili moto, unapimia hapo.

Kama huna, chukua mshumaa wa kawaida. Chora nao mistari juu ya kingao: mbele, katikati, nyuma, juu na ubavuni. Nta ya mshumaa huyeyuka kwenye hamsini na kitu mpaka sitini na kitu, karibu kabisa na pale Nesi aliposema ngozi inaanza kuungua kwa mguso mfupi. Endesha gari, rudi, angalia. Mstari uliobaki mkavu hapo pazuri. Ulioyeyuka hapo pana kazi.

Lakini usipime ukiwa mwendoni au umetoka tu kusimama. Kimbiza gari barabara ya kupanda, kisha lisimamishe injini ikiunguruma, usubiri. Likienda lina upepo unaopoza. Likisimama upepo hakuna, joto la bomba linahamia kwenye bati, na kipimo kinaendelea kupanda dakika kadhaa baada ya kusimama. Na jamu ndiyo hiyo hiyo: gari moto, limesimama, watu wanapita ubavuni.

Simba_Mkali

Sasa hii imekuwa darasa. Swali: likizimwa, linapoa baada ya muda gani?

Fundi_Katwe

Bomba tupu lipe nusu saa na zaidi. Lenye utepe zaidi ya hapo, maana umelivika blanketi. Watoto wasiachwe kucheza karibu na gari lililoegeshwa sasa hivi, wanapenda sana kugusa kinachong'aa.

Nimekumbuka, Pijo: mdomo wa bomba. Umesema unaishia mbele ya tairi la nyuma. Hapo moshi wa moto unapiga mguu wa huyo huyo wa boda, na vioo vikiwa chini kwenye jamu moshi unarudi kabini. Ule usio na harufu ndio unaoua, kaboni monoksaidi. Refusha bomba lipite tairi litokee nyuma kabisa ya bodi, na mdomo uangalie chini na nyuma.

Pijo_wa_Ndeeba

Nimerudi wakuu. Kingao kimefungwa kwenye chesisi, pande zote mbili. Tulipanda nalo Muyenga, tukashuka, tukasimama Kabalagala jamu ikiwa imeshika. Mshumaa ubavuni umebaki mkavu wote. Juu, karibu na heda, mstari umeyeyuka na kuchuruzika mpaka kwenye matundu. Hapo ndipo bomba linapotokea kwenye fenda, na nafasi ilikuwa ndogo, kidole kimoja hakiingii.

Fundi_Katwe

Nilitegemea. Hapo ongeza bati la tatu katikati, la alumini lisilo na matundu, liakisi joto lirudi kwenye bomba. Lisiguse upande wowote, liwe na hewa huku na huku. Kama nafasi haipo, sogeza kingao nje. Najua kitaharibu mstari wa gari. Vumilia.

Pijo_wa_Ndeeba

Nimesogeza. Kimetokeza kama sentimita mbili kuliko nilivyotaka, na kwenye picha naona kabisa. Kila mtu anayeliona anasifia, labda mimi ndiye mwenye jicho baya. Mstari wa mshumaa umebaki. Mabomba nayo yamepita tairi, moshi kabini hakuna tena.

Mama_wa_Arua

Nimefuata uzi huu mpaka mwisho. Hotirodi huku Arua sijawahi kuona. Lakini watoto wangu wanakwenda shule kwa boda, watatu kwa mpigo, na wa mwisho nyuma kabisa miguu inaning'inia, kaptula, soksi zimeshuka. Kingao cha kiwandani kwenye boda ya huyo baba kilianguka zamani, kimebaki kibano kitupu. Je, hicho alichofunga Pijo hakiwezi kufungwa kwenye boda?

Kijana_wa_Stegi

Mama, kinawezekana na ni rahisi kuliko cha gari. Vinaanguka kwa sababu skrubu zinalegea kwa mtikisiko, mtu akipeleka sevisi fundi anakiweka pembeni na hakirudi. Vingine vinauzwa kama chuma chakavu. Kwa sasa mwambie huyo baba asimame kila mara ubavu wa kulia wa pikipiki ukiwa umeelekea barabarani, watoto wapande na kushukia kushoto tu. Bomba haliko kushoto. Na soksi ndefu za pamba zivutwe juu, za nailoni hapana, Nesi kashasema zinafanya nini.

Nesi_Makindye

Na huyo wa nyuma kabisa asipandishwe kwanza. Apande wa mwisho, ashuke wa kwanza, akiwa ameshikwa mkono. Wengi wanaungua wakati wa kushuka, boda imesimama kabisa.

Fundi_Katwe

Kwa boda tumia bati hilo hilo la matundu. Hapa chesisi haipo karibu, kwa hiyo kingao kitashika kwenye bomba lenyewe, lakini kwa kibano cha mkanda, na kati ya mkanda na bati weka washa nene mbili za stenlesi ili mguso uwe mdogo. Bolti za milimita 6, nati za kujifunga za chuma. Zile zenye plastiki ndani zitayeyuka. Msichomelee, maana siku ya kubadilisha sailensa mtakikata na hakitarudi tena.

Vipande vya bati alivyobakiza Pijo vinatosha boda kadhaa. Bei nitawafanyia ya kazi tu. Nileteeni moja nichukue vipimo.

Kijana_wa_Stegi

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jamu ya Entebbe Road haijashika. Nitakuja na mwenzangu mwenye pikipiki ya TVS, maana bomba lake na la Boxer langu hayafanani. Mama wa Arua, vipimo vikishapatikana tutaviweka hapa hapa, fundi wa huko akate.